Jinsi ya kuliandaa gari kwa mvua za masika kanda ya Ziwa Victoria

KATIKA mkoa wa Quebec nchini Kanada, sheria humlazimu mwenye gari kufunga matairi ya theluji kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 kila mwaka. Wenyeji wa huko hawangoji theluji ianguke ndipo wakimbilie gereji. Kalenda ndiyo inayowaamuru.

Kisumu hakuna theluji. Hata hivyo, dereva wa kanda ya Ziwa Victoria naye ana misimu yake ya hatari, nayo hujulikana mapema: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tofauti ni kwamba huku hakuna tarehe inayomlazimu kujiandaa. Wengi hukumbuka waipa za gari siku ambayo tayari kioo kimefunikwa na maji, na lori linakuja mbele yao.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye gari anapaswa kuyakagua kabla ya mvua, jinsi ya kuendesha mvua inaponyesha, na wakati ambao lililo jema ni kugeuza gari na kurudi ulikotoka.

Barabara moja, hali tatu za hewa

Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,135 juu ya usawa wa bahari. Dereva anayetoka Kisumu kuelekea Nakuru huvuka kwanza uwanda wa Kano kupitia Ahero na Awasi, kisha hupanda hadi Kericho, takriban mita 2,000, na kuendelea kupitia Londiani hadi Mau Summit. Anayeelekea Nakuru kutoka Eldoret hupita Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700.

Kwa hiyo gari moja, katika safari ya saa chache, laweza kukutana na joto kali kando ya ziwa, mafuriko katika uwanda, na ukungu mzito pamoja na mvua ya mawe milimani. Eneo la Kericho na Nandi Hills hujulikana kwa wingi wa mvua ya mawe, na kwa dakika chache lami huweza kufunikwa na barafu inayoteleza.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa kanda hii huenda asilijue. Uwanda wa Kano ni tambarare, na sehemu kubwa ya udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji. Mito inayoupitia, ukiwemo Nyando, huanzia nyanda za juu za Nandi na Kericho. Mvua ikinyesha huko juu, mto waweza kufurika karibu na Ahero ilhali jua lawaka na hakuna tone lililoanguka.

Ziwa lenyewe limepanda katika miaka ya karibuni. Mwezi Mei 2020 maji yalifikia kiwango kilichovunja rekodi iliyodumu tangu miaka ya 1960, na mwezi Mei 2024 rekodi hiyo nayo ikapitwa. Ziwa likijaa, mito hukosa pa kumwaga maji yake upesi, na barabara za karibu na ufuo hubaki chini ya maji kwa siku nyingi.

Anza na matairi

Ikiwa fedha zako ni chache na huwezi kutengeneza kila kitu, anza na matairi. Sehemu ya gari inayogusa barabara ni ndogo mno. Kila tairi hukanyaga eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, na juu ya viganja hivyo vinne ndipo yalipo maisha ya wote waliomo garini.

Mifereji iliyochongwa kwenye tairi kazi yake ni kusukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Tairi likiwa kipara, maji hukosa njia. Gari likishika kasi huinuka na kuelea juu ya tabaka jembamba la maji, na hapo usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazisaidii. Hali hiyo yaweza kutokea katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, au chini ya hapo ikiwa matairi yamechakaa.

Nchi nyingi huweka milimita 1.6 kuwa kina cha chini kabisa cha mifereji hiyo. Ndani ya mifereji utaona vinundu vidogo vya mpira. Tairi likilika hadi kuwa sawa na vinundu hivyo, limekwisha. Kwa msimu wa mvua ni heri usingoje hadi hapo. Wataalamu wengi hushauri kubadilisha tairi kina kinapopungua chini ya milimita 3.

Angalia pia umri wa tairi. Ubavuni mwake pana tarakimu nne ndani ya duara lililorefuka. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi kongwe hukauka na kupasuka hata likiwa na mifereji mizuri. Anayenunua matairi yaliyotumika asikubali kabla ya kusoma tarakimu hizo.

Onyo maalumu liwafikie walionunua magari yaliyotumika Japani. Baadhi ya magari hayo hufika bandarini Mombasa yakiwa bado yamevaa matairi ya theluji. Utayatambua kwa neno "STUDLESS" au "SNOW", au kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa ajili ya baridi kali. Kwenye lami ya Kisumu yenye joto hulika upesi, na penye maji gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Muuzaji aweza kukuambia kwamba matairi ni mapya kabisa. Huenda ni kweli, lakini ni mapya kwa nchi nyingine.

Upepo nao upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi. Kiwango kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo ubavuni mwa mlango wa dereva. Magari ya Japani mara nyingi huandika kwa kilopaskali, wakati vipimo vya vituo vyetu vya petroli husoma paundi. Kilopaskali 220 ni karibu sawa na paundi 32. Usisahau kulipima tairi la akiba.

Breki, na mteremko wa Kericho

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Yakikaa muda mrefu huchemka kwa urahisi breki zinapopata moto, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Hatari hii humwandama hasa dereva anayeteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi, au kutoka Nandi Hills kuelekea Chemelil. Ni vyema mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na pedi zikaguliwe kabla ya mvua kuanza.

Katika mteremko mrefu, punguza gia ili injini isaidie kulizuia gari, badala ya kukanyaga breki mfululizo. Hata gari la gia za kujiendesha lina nafasi ya gia ndogo kwa kazi hiyo.

Baada ya kupita penye maji, kanyaga breki taratibu mara kadhaa ili zikauke kabla ya kuhitaji kusimama kwa haraka. Ikiwa gari lako lina mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame, siku ya dharura kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie. Kutetemeka utakakohisi mguuni ni dalili kwamba mfumo unafanya kazi.

Kuona na kuonekana

Mpira wa waipa huharibiwa na jua kuliko mvua. Kiangazi kikiisha, waipa nyingi za kanda hii huwa zimekauka na kuacha michirizi kiooni. Zijaribu kwa maji kabla ya safari. Zikikwaruza, badilisha. Bei yake ni ndogo kuliko ile ya kioo, sembuse ya uhai.

Mvua ikinyesha, pumzi za abiria huganda kwenye kioo kwa ndani. Washa kiyoyozi na uelekeze hewa kwenye kioo cha mbele, kwani kiyoyozi hukausha unyevu. Ikiwa hakifanyi kazi, fungua dirisha kidogo. Kufuta kwa mkono huku ukiendesha huacha mafuta ya ngozi kiooni, na usiku mwanga wa magari yanayokuja hutawanyika humo na kukupofusha.

Taa zote zikaguliwe, za nyuma zikiwemo. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari huku ukikanyaga breki. Mvuani, washa taa kubwa hata mchana, si ili uone tu bali pia uonekane. Penye ukungu tumia mwanga wa chini, kwa kuwa ule wa juu hugonga ukungu na kurudi machoni pako.

Kuna desturi ya kuwasha taa zote nne za kuashiria hatari gari likiwa linaendelea na safari mvuani. Desturi hiyo yafaa kuachwa. Taa hizo humwambia aliye nyuma kwamba umesimama, na zikiwaka humnyima dalili ya upande unaotaka kukata kona.

Injini, betri na maji ya rediata

Madereva wengi hudhani kwamba dawa inayotiwa kwenye rediata ni ya nchi za baridi pekee, hivyo hujaza maji ya bomba. Ni kweli kwamba dawa hiyo huzuia maji kuganda, lakini pia huongeza kiwango cha joto ambacho maji hayo huanza kuchemka, tena huzuia kutu ndani ya injini. Gari linalopanda kutoka Awasi hadi Kericho likiwa na mzigo huihitaji dawa hiyo.

Betri nayo ifungwe imara, na ncha zake zisafishwe. Usiku wa mvua hutumia taa, waipa, feni na kiyoyozi kwa pamoja, na betri chovu huzimika mahali usipopenda.

Muulize fundi akuonyeshe mahali injini inapovutia hewa. Katika magari mengi madogo mahali hapo si juu sana, na maji yakifika hapo huingia ndani ya injini. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikijaribu kuyabana, vyuma vinavyoisukuma hupinda au kuvunjika. Ndiyo maana gari likizimika ndani ya maji hupaswi kujaribu kuliwasha tena. Livutwe hadi pakavu, kisha fundi alikague kwanza.

Vitu vya kubeba

Sheria inataka gari liwe na pembetatu za kuakisi mwanga. Zaidi ya hizo, msimu wa mvua beba jeki na spana zinazolingana na njugu za magurudumu yako, ubao mnene wa kuwekea jeki penye matope, kamba imara ya kuvutia gari, koleo au jembe dogo, na kurunzi. Ongeza jaketi la kuakisi mwanga, blanketi, maji ya kunywa, na simu iliyojaa chaji. Anayepanda Timboroa usiku na watoto atalikumbuka blanketi hilo.

Beba pia nyundo ndogo ya kuvunjia kioo, uiweke mahali mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda.

Barabarani mvua inaponyesha

Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndizo zenye utelezi mkubwa. Vumbi, mafuta na mabaki ya mpira yaliyorundikana juu ya lami huchanganyika na maji. Punguza mwendo hapo hapo, wala usingoje mvua ikolee.

Sheria ya Kenya inaweka kilomita 50 kwa saa mijini na 80 kwa matatu na mabasi, lakini viwango hivyo vimewekwa kwa barabara kavu. Hesabu sekunde nne au zaidi kati yako na gari lililo mbele: likipita mti au nguzo, hesabu polepole hadi nne kabla nawe hujapafikia.

Ukihisi gari linaelea, usikanyage breki wala usikate usukani. Ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na ungoje matairi yaguse lami tena.

Katika barabara za udongo mweusi, shuka kwanza utazame. Tumia gia ya pili na mwendo usiobadilika, bila kusimama katikati. Gari likikwama, kuzungusha magurudumu kwa nguvu huchimba shimo. Ondoa matope mbele ya tairi, tandika matawi au magunia, kisha jaribu taratibu. Baadhi ya wenye malori hufunga minyororo kwenye matairi, kama wafanyavyo watu wa theluji. Wenye magari madogo wengi hupunguza upepo kidogo. Ukifanya hivyo, hakikisha unaurudisha kabla ya kuingia kwenye lami.

Maji yakivuka barabara

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Matairi mapya na breki nzuri havina msaada wowote gari likiingia kwenye maji yaendayo kasi.

Vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa duniani ni rahisi kukumbuka. Maji ya kina cha sentimita 15, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, hufika chini ya magari mengi madogo na yaweza kumpokonya dereva udhibiti. Sentimita 30 zinaweza kuyaelea magari mengi. Sentimita 60 za maji yaendayo kasi hubeba magari mengi, pikapu na yale makubwa ya familia yakiwemo.

Uzito wa gari humdanganya dereva. Gari ni kama sanduku lenye hewa, na maji yakilizunguka hulipunguzia uzito hadi matairi yashindwe kushika chini. Isitoshe, maji ya kahawia hayaonyeshi kama barabara bado ipo. Huenda lami imechimbwa na kubebwa usiku uliotangulia.

Kenya imelipa gharama ya somo hili. Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika katika Kaunti ya Kitui. Lilizama watu wakitazama, na zaidi ya 30 wakafariki. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 nayo yaliua zaidi ya watu 200 nchini.

Kanuni basi ni hii: ikiwa maji yanatiririka kuvuka barabara nawe huoni lami, usivuke. Usivuke kwa sababu lori limevuka, wala kwa sababu vijana walio kando wanakuhakikishia kwamba panapitika na wako tayari kukuongoza kwa malipo. Lori lina uzito na kimo ambacho gari lako halina.

Iwapo gari limeshaingia na linaanza kubebwa, fungua mikanda, teremsha vioo upesi kabla umeme haujazimika, na mtoke kupitia madirishani, watoto kwanza. Usipoteze muda kupiga simu ukiwa ndani, na usirudi kuchukua mzigo. Mlango ukisukumwa na maji kwa nje ni vigumu mno kuufungua.

Abiria nao wana wajibu

Wakazi wengi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia husafiri kwa matatu na bodaboda. Abiria hawezi kukagua breki, lakini tairi kipara huonekana hata kwa asiyejua kuendesha. Litazame kabla ya kupanda. Dereva akikusudia kuingia kwenye maji, abiria wana haki ya kumwambia asimame washuke. Sauti moja hupuuzwa, lakini za watu kumi na wanne hazipuuzwi.

Kwa bodaboda, mvua ikianza, ni heri kujikinga mahali salama kuliko kuendelea. Usijikinge chini ya mti, kwa kuwa radi ni nyingi katika kanda hii, hasa alasiri na usiku.

Kabla ya kuondoka

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku zijazo pamoja na ilani za mvua kubwa. Usitazame utabiri wa uendako pekee. Anayekwenda Ahero atazame pia wa Kericho na Nandi, maana maji ya Ahero hutoka huko. Mpigie simu mtu aliye njiani, umwulize hali ya barabara. Kwa dharura, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199, na ya polisi ni 999 au 112.

Mwisho, jipangie safari yenye nafasi. Dereva aliyeahidi kufika mazishini saa nne kamili, akaondoka akiwa amechelewa, ndiye ashawishikaye zaidi kuingia kwenye maji. Waarifu wanaokungoja kwamba ni mvua na huenda ukalala njiani. Chumba cha kulala wageni mjini Kericho kwa usiku mmoja ni sehemu ya maandalizi ya gari, sawa na waipa na matairi.

Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema. Mawingu yanapoanza kujikusanya juu ya ziwa, gari liwe limekwisha kutoka gereji.